Kahawa Iliyochacha Kwenye Treni ya Taveta

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya kabichi zangu, majirani wakipita njiani na kunipa pole kama mtu aliyefiwa.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Elijah, mtu wa milimani juu ya Mwatate. Baba aliniachia shamba la kahawa, nami nikachoka nalo. Unachuma leo, kiwanda kinakoboa, gunia linakwenda Nairobi, linapigwa mnada, linashuka Mombasa kupanda meli, na wewe uko palepale unangoja malipo mpaka umesahau ulichuma nini. Na yakija, yamekatwa ya dawa, yamekatwa ya mbolea, yamekatwa ya lori. Unabaki na ya sabuni. Kwa hivyo nikachukua panga, nikakata mibuni yote ikabaki visiki, nikapanda kabichi.

Kumbe huko Brazil baridi kali ilikuwa imekwisha kuua kahawa yao. Kufika mwaka wa sabini na sita bei ikapaa kama mwewe. Majirani wakaezeka mabati. Mimi nikala kabichi.

Kahawa iliyosalia kwetu ni miti ya nyuma ya jikoni. Siku ile ya panga, mke wangu Wakesho alisimama mbele yake akaniambia, "Anza na mimi." Nikashindwa kuanza naye.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Msimu ulifika, na ile miti ya nyuma ya jikoni ikawa myekundu kama imevaa shanga. Nikaikagua asubuhi moja, mikono nyuma, kama mwenye mali.

"Mama Mable," nikasema, "naona kahawa yetu imeiva."

"Yetu?" Wakesho alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Utaichuma lini?"

"Baba Mable, keti nikueleze. Miaka yote mimi ndiye napalilia, mimi nachuma, mimi nabeba kapu mpaka kiwandani. Nikifika karani ananiuliza, 'Namba ya Elijah?' Nasema ndiyo. Siku ya malipo anaitwa Elijah. Wakesho haitwi. Mwaka huu nataka namba yangu."

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka peke yangu.

"Mwanamke na namba ya kiwanda, wapi na wapi?"

"Haya," akasema. "Basi sichumii namba yako tena. Hii yangu nitaianika hapahapa uani. Wewe peleka ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Hata mimi nauliza."

Ningeweza kunyamaza na maneno yakaisha. Shida ni kwamba nilikuwa nimekwisha kutangaza, mbele ya watu wazima na akili zao, kwamba nagombea kiti katika kamati ya ushirika wetu. Na sheria ilikuwa moja: huwezi kugombea kama hukupeleka kahawa kiwandani msimu huo.

Mwenyekiti wetu, Bwana Crispus, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake, alinikuta dukani akanishika bega.

"Elijah, nasikia unataka kukaa nasi mezani."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Vizuri sana. Tukupimie kabichi?"

Duka zima likacheka. Hata mwenye duka, ambaye nilikuwa na mkopo kwake, alicheka. Nikatoka pale nimeamua. Kahawa nitapeleka, itoke mbinguni, itoke ardhini.

Ilitoka Taveta.

Kila mtu alijua yaliyokuwa yakiendelea Taveta mwaka ule. Wakulima wa ng'ambo, upande wa Tanzania, walikuwa wanalipwa kidogo na kwa kuchelewa, na huku kwetu bei imewaka moto. Maji hufuata mteremko. Kahawa ikawa inavuka mpaka kwa baiskeli, kwa punda, kwa vichwa vya watu. Serikali nayo ilikuwa imekasirika, maana kahawa haitembei bila kibali, na aliyekamatwa na magendo hakupewa soda.

Nilimuuza fahali wangu. Nikamwambia Wakesho kwamba naenda Taveta kwa mambo ya kanisa, kwa sababu mimi, kama nilivyosahau kuwaambia, ni mzee wa kanisa.

"Nenda salama," akasema. "Uwasalimie watakatifu."

Taveta nilielekezwa kwa mama mmoja anayeitwa Katuku, muuza ndizi sokoni, ambaye chini ya ndizi alikuwa na biashara nyingine. Alinitazama viatu, akanitazama koti.

"Unataka kahawa kavu," akasema. Hakuuliza.

"Hapana. Nataka mbichi. Nyekundu, kama imetoka mtini leo."

Katuku aliweka kisu chini.

"Baba, wateja wangu wote wanachukua kavu. Kavu ni mvumilivu, inakaa hata mwaka. Nyekundu haina subira. Ikichumwa asubuhi inataka mashine jioni. Ukiichelewesha inachacha."

"Kiwanda chetu kinapokea nyekundu tu. Nikipeleka kavu wataniuliza niliikoboa wapi."

"Utaibeba na nini?"

"Treni. Mchana niko Mwatate, jioni niko kiwandani."

"Treni yetu hii?" Alicheka mpaka akashika meza ya ndizi. "Haya. Mwenye pesa hafundishwi."

Kesho yake alfajiri akanikabidhi magunia, yamejaa, mazuri, kahawa inang'aa kama macho ya mtoto. Nikayapandisha behewani, nikayaficha chini ya benchi, nikakaa juu yake na koti langu limefunika pande zote. Treni ikaondoka kwa wakati. Nikamshukuru Mungu, jambo ambalo sasa naona lilikuwa ni kumchokoza.

Aliyekuja kukaa mbele yangu ni jirani yangu Dinah.

Niwaeleze Dinah ni nani. Kama unataka habari ifike milima yote, usiitangaze redioni. Mwambie Dinah kwamba ni siri.

"Baba Mable! Na wewe ulikuwa Taveta?"

"Mambo ya kanisa."

"Na hayo magunia?"

"Zambarau."

"Zambarau za kanisa?"

"Za wagonjwa," nikasema. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kushika njia yake mwenyewe.

Tulipofika karibu na Maktau treni ilipunguza mwendo, ikakohoa, ikasimama. Dereva alishuka, akatazama injini, akavua kofia. Ukiona dereva wa treni amevua kofia, tafuta kivuli.

Jua la nyika mnalijua. Behewa likawa tanuri. Watu walishuka wakakaa chini ya treni. Mimi sikuweza kushuka, nilikuwa nimekalia siri. Ndovu walipita mbali, wakatutazama, wakaenda zao.

Mchana ulipogeuka nilianza kusikia kitu chini yangu. Kilikuwa kinanong'ona. Fu, fu, fu. Nikainama nikatazama. Gunia lilikuwa linatoka povu.

Kisha harufu ikaja. Tamu kwanza, halafu kali. Nzi wakaitikia mwito, na nyuki nao wakaja kuona.

Mzee mmoja mwenye bakora alirudi ndani, akasimama, akavuta pumzi ndefu kwa pua zote mbili.

"Jamani," akasema kwa upole, "nani ana pombe ya mnazi humu?"

Akafuata pua yake mpaka mbele yangu. Akaketi karibu nami, akanigusa goti.

"Kijana wangu. Sisemi nipe yote. Kikombe kimoja tu."

"Mzee, hizi ni zambarau."

"Zimekuwa zambarau nzuri sana," akasema, akalamba midomo.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka treni ilipoanza tena kutembea. Nami nilikuwa nimelowa suruali, maji mekundu yanatiririka sakafuni mpaka kwenye viatu vya Dinah. Dinah hakuondoa viatu. Alikuwa anavihifadhi kwa ushahidi.

Ndipo akaingia koplo wa polisi.

Alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa pande za ukame za mbali, ambako kahawa huonekana ikiwa imekwisha kuingia kikombeni. Alifuata mchirizi kutoka mlangoni mpaka kwangu.

"Mzigo huu ni wa nani?"

Behewa zima likanitazama. Hata nyuki.

"Wangu, afande."

Akafungua mdomo wa gunia moja, akatia kidole, akanusa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza imani na binadamu.

"Mzee mzima. Pombe kwenye treni ya serikali?"

Wasomaji wangu, hapa nataka mnihukumu taratibu. Pombe bila leseni, unapelekwa kwa hakimu, unakaripiwa, unatoa faini, unarudi kwenu. Kahawa bila kibali, tena ya ng'ambo, tena mwaka ule, unakwenda jela na fahali wako hajulikani alikokwenda. Milango miwili ilikuwa wazi mbele yangu, na mmoja ulikuwa mfupi.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ni pombe."

"Mzee wa kanisa!" Dinah akapiga kelele, na nadhani ilikuwa furaha yake kubwa ya mwaka ule.

Mwatate tulifika, Dinah akashuka mbio bila kungoja treni isimame vizuri. Nami nikapita. Niliiona dirishani barabara yetu ikikwea milima, nikaiaga kwa macho. Ilikuwa Ijumaa. Nikafikishwa Voi, nikaambiwa hakimu ni Jumatatu.

Mambo ya kule ndani nitayafupisha. Walinitendea vizuri. Shida ilikuwa ni magunia, ambayo yaliwekwa pembeni mwa ofisi kama ushahidi, na kila siku iliyopita yalizidi kuchangamka. Kufika Jumapili, mahabusu wenzangu walikuwa wananiita Fundi. Mmoja aliniuliza kwa heshima natia nini mpaka inakuwa kali hivyo.

Jumatatu asubuhi nikaitwa ofisini. Wakesho alikuwa amesimama pale, kilemba chake cha kanisani kichwani, na kando yake Mwenyekiti Crispus mwenyewe, amekuja kunidhamini kama mtu mwenye heshima.

"Kwawuka mana," Wakesho akaniamkua kwa Kidawida, kana kwamba tumekutana kisimani.

Nilitamani alie. Mke akilia, mume anajua la kufanya. Lakini kona za mdomo wake zilikuwa zinacheza.

"Watakatifu wa Taveta hawajambo?" akauliza.

"Mama," koplo akasema, "pole sana. Mume wako amekubali kosa mwenyewe. Ni pombe."

"Pombe?" Wakesho akageuka. "Afande, huyu mtu akinusa dawa ya kikohozi analala. Apike pombe? Hata chai hupika ikamwagika."

"Ushahidi huo hapo."

Nilimtazama kwa macho yote ya kuomba niliyokuwa nayo. Usiende. Usiguse. Wakesho akaenda, akagusa.

Alichota kidogo, akakamua. Ganda likateleza, na katika kiganja chake zikabaki punje mbili nyeupe zimelaliana. Mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni hahitaji kuambiwa. Nikaona mgongo wake ukinyooka. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mwenyekiti naye alikuwa amesogea. Alitazama kiganja kile, na mdomo wake ukamtangulia.

"Lo! Hii si pombe. Hii ni kahawa!"

Koplo alisimama polepole kutoka kitini.

"Kahawa?" akasema. "Kahawa kutoka Taveta? Kibali kiko wapi?"

Mwenyekiti alifunga mdomo, lakini neno likitoka halirudi. Niliona jela, nikaona Mable akiulizwa shuleni baba yake yuko wapi. Sikuwaza kamati hata kidogo. Nilimtazama Wakesho nikafikiri, mwanamke huyu nilimdanganya, nikamcheka, na sasa atabaki na visiki vyangu.

"Ni yangu," Wakesho akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Koplo naye.

"Yako, mama?"

"Kahawa ni yangu. Nina shangazi Taveta, upande wetu huu wa mpaka, anaitwa Tryphena, ana miti yake kivulini mwa migomba. Alinipa nivune. Huyu nilimtuma tu abebe. Kwa vile hajui kahawa na pombe, mlipomuuliza akasema lililo karibu."

Sauti haikutetemeka. Nimeishi naye miaka mingi, na sikujua kwamba anaweza kudanganya vizuri hivyo. Jambo hilo limenisumbua tangu siku ile.

Koplo akamgeukia Mwenyekiti. "Wewe ndiye mkubwa wa ushirika. Huyu mama ni mkulima wa kahawa? Yumo kwenu?"

Mwenyekiti akakohoa. Akakohoa tena.

"Ni mkulima, ndiyo. Lakini kuwa mwanachama, ile ya namba... hapana."

"Mkulima lakini si mwanachama? Kwa nini?"

"Mwambie, Mwenyekiti," Wakesho akasema kwa upole. "Mwambie afande kwa nini."

"Ni kwamba shamba ni la mume, na mume hajakubali."

Koplo akanitazama. "Umemkatalia kwa nini?"

Nilisimama pale, suruali imekauka wekundu mpaka magotini, natafuta ile hoja yangu ya wapi na wapi. Nyumbani ilikuwa hoja nzito sana. Voi sikuiona.

"Sijakataa, afande. Nakubali."

"Unakubali nini?" Wakesho akauliza. "Sema kwa sauti, Mwenyekiti ana sikio bovu."

"Namba iwe yako. Na ile miti ya nyuma ya jikoni ni yako."

"Na visiki?"

"Visiki vya nini tena?"

"Vimechipuka, Baba Mable. Ungekuwa unatazama shamba badala ya kutafuta kiti, ungeona. Vikitunzwa vitazaa."

Nikatazama magunia. Nikatazama pingu zilizoning'inia ukutani.

"Na visiki," nikasema.

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia, Mama Mable. Nitakuandikisha."

"Na afande umesikia?"

"Nimesikia," koplo akasema, "lakini sijaelewa."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumshika Wakesho mkono mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilimnong'oneza, "Mama Mable, nisamehe."

"Bado," akanijibu bila kugeuza kichwa. "Hatujatoka humu."

Alikuwa anasema kweli. Koplo alikuwa anavaa kofia yake.

"Nimebaki na neno moja tu," akasema. "Kama miti ya shangazi ipo, mimi sina kesi na mtu, mambo ya kibali mtayamaliza na watu wa kilimo. Kama haipo, nina kesi ya watu wawili. Huyu shangazi nitampata wapi?"

Shangazi Tryphena namjua. Ana migomba, ana mbuzi, ana ulimi. Kahawa hana hata ya kunywa. Na zaidi ya hayo, ni mama ambaye hajawahi kusema uongo maishani mwake, hata pale unapohitajika kwa adabu. Siku ya arusi yetu, alipoombwa awape wageni maneno mawili, alisimama akasema bibi arusi ni mzuri na bwana arusi mtamzoea.

"Taveta ni mbali, afande," Wakesho akaanza. "Na shangazi ni mtu wa shughuli, si rahisi kumkuta..."

Habari hupanda treni bila tiketi, na treni ile iliyonishusha Voi Ijumaa ilirudi Taveta na hadithi yangu imejaa mabehewa yote. Nje tulisikia lori la ndizi likifunga breki. Tukasikia mtu akimfokea utingo. Tukasikia bakora ikigonga ngazi.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

"Yuko wapi huyo mlevi aliyemwoa mtoto wetu?"

"Mama, pole pole," koplo akasema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Tryphena. Nimetoka Taveta tangu alfajiri, sijala."

Koplo akatabasamu. Tangu Ijumaa sikuwa nimeyaona meno yake.

"Karibu sana, mama. Tulikuwa tunakutaja sasa hivi. Tunataka kukuuliza juu ya shamba lako la kahawa."

Wakesho alifumba macho. Mwenyekiti akaanza kusoma kalenda iliyokuwa ukutani, ya mwaka juzi.

Shangazi alinitazama mimi, kuanzia viatu. Akamtazama Wakesho kwa muda mrefu zaidi. Akageuza uso kwenye magunia, akanusa.

"Kahawa yangu?" akasema. "Afande, nipe kiti kwanza. Mambo ya ukweli siyasemi nikiwa nimesimama."